Saa 360 za Mwanzo: Hesabu ya Mbeleko

Mdogo wangu ana ujauzito wa wiki 34. Wiki iliyopita alinitumia picha ya kibebeo cha mtoto alichokiona kwenye duka la mtandaoni: kitambaa cha kijivu, mikanda ya mabegani iliyojazwa sponji, mkanda mpana wa kiunoni na vifungo vya plastiki. Bei iliyoandikwa chini yake ilikuwa dola 180. Akaniuliza, "Dada, ninunue? Naogopa nisije nikambeba mwanangu vibaya."

Sikumjibu siku ile. Nilitaka kwanza kukaa na kalamu, kwa sababu swali lake lina mambo mawili ndani yake, bei na hofu. Wauzaji wengi huyachanganya hayo mawili hadi mama anaamini kwamba akilipa zaidi, hofu nayo itapungua.

Tuanze na bei. Kwa kiwango cha kukadiria cha shilingi 2,500 kwa dola, dola 180 ni shilingi 450,000. Tangu Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma Tanzania ni shilingi 500,000. Kibebeo hicho kimoja kinakula asilimia 90 ya mshahara huo, na hapo hatujagusa usafiri wala ushuru wa forodha. VAT ya asilimia 18 peke yake ingeongeza shilingi 81,000. Sasa weka kanga pembeni yake. Tuseme doti moja ni shilingi 12,000. Bei hutofautiana kwa mji na kwa duka, kwa hiyo msomaji aweke ya kwake. Kwa 450,000 unapata doti 37 na chenji inabaki. Kila doti ina vipande viwili. Hivyo ni zaidi ya vipande 70 vya nguo ambayo mama zetu wametubelekea tangu kanga zilipoanza kuvaliwa katika pwani hii.

Hesabu hiyo peke yake haimsaidii mdogo wangu. Unafuu wa kanga haumhakikishii kwamba inamfaa mtoto wa siku tatu, na ughali wa kibebeo haumhakikishii lolote pia. Inabidi tuulize mtoto mchanga anahitaji nini kutoka kwenye kitambaa, kisha tupime kila kitambaa kwa hitaji hilo.

Mtoto mchanga ni mzigo mdogo unaokua haraka. Kwa viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani, WHO, mtoto wa kiume aliye katikati ya wenzake huzaliwa na kilo 3.3. Akitimiza mwezi ana 4.5, miezi mitatu 6.4, miezi sita 7.9, na mwaka mmoja 9.6. Wa kike huenda kwa 3.2, 4.2, 5.8, 7.3 na 8.9. Katika nusu mwaka ya kwanza uzito unazidi mara mbili. Urefu wake siku ya kuzaliwa ni kama sentimita 50, na kichwa peke yake ni robo ya urefu huo. Fikiria mtu mzima ambaye robo ya urefu wake ni kichwa, na shingo yake haijapata nguvu ya kukishika. Huyo ndiye tunayemfunga. Kila ninachosema hapa chini kinatokana na kichwa hicho na shingo hiyo.

Je, mama humbeba kwa muda gani? Mwaka 1986 madaktari Hunziker na Barr walichapisha jaribio walilolifanya Montreal, Kanada, kwa watoto 99. Kundi moja la wazazi liliombwa kuwabeba watoto angalau saa tatu kwa siku, hata wakati hawalii. Watoto walipofika wiki sita, waliobebwa zaidi walikuwa wakilia kwa muda mfupi zaidi kwa asilimia 43 kwa siku nzima, na kwa asilimia 51 katika saa za jioni. Utafiti mwingine uliofanyika Uingereza baadaye haukupata punguzo hilo, kwa hiyo sitamwahidi mdogo wangu kwamba mbeleko itamnyamazisha mtoto. Ninachokichukua kutoka Montreal ni zile saa tatu kwa siku, kwa sababu zinafanana na maisha ya mama ninaowajua: saa ya kufagia na kufua, saa ya sokoni au kliniki, saa ya jioni mtoto anapokataa kulazwa. Saa tatu kwa siku 120 za mwanzo ni saa 360. Hicho ndicho kipimo nitakachotumia.

Katika saa hizo mikono ina gharama yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulipima nguvu anazotumia mwanamke anapotembea na mtoto. Kumpakata mikononi kuligharimu wastani wa asilimia 16 zaidi kuliko kumfunga kwa kitambaa. Kwa mama anayenyonyesha, ambaye mwili wake tayari unatengeneza maziwa usiku na mchana, asilimia 16 ni chakula na usingizi. Ndiyo maana namwambia mdogo wangu asijilaumu kwa kutaka kitu cha kumbebea mtoto, kwani anachotaka ni kuyapunguzia kazi mabega yake.

Nije kwenye hofu.

Machi 2010 Tume ya Usalama wa Bidhaa za Watumiaji ya Marekani ilitoa onyo kuhusu mbeleko za mfuko. Ilikuwa imehesabu vifo visivyopungua 14 vilivyohusishwa nazo katika miaka 20, na 12 kati yake vilikuwa vya watoto wa chini ya miezi minne. Siku chache baadaye mbeleko milioni moja za mfuko za kampuni ya Infantino ziliondolewa sokoni. Kufikia 2017, tume hiyo ilipopitisha kanuni za lazima, ilikuwa na ripoti 159 za kuanzia Januari 2003 hadi Septemba 2016, na 17 kati yake zilikuwa za vifo. Katika miaka hiyo Marekani ilikuwa ikipata watoto takriban milioni nne kila mwaka, zaidi ya milioni 50 kwa jumla. Vifo 17 kati ya idadi hiyo ni vichache sana. Lakini kinachonishika moyo ni umri wa watoto hao na namna walivyokufa, maana sababu inajulikana na inazuilika kwa vidole viwili.

Mbeleko ya mfuko hukaa kama bembea ya kulalia iliyoning'inia begani, mtoto akilala ndani yake amejikunja. Kichwa chake kizito huanguka mbele, kidevu kinagusa kifua, na njia ya hewa, ambayo kwa mtoto mchanga ni nyembamba na laini, inajikunja kama mpira wa maji uliokunjwa. Au uso wake hugeukia kwenye kitambaa au kwenye titi, pua ikazibwa. Shingo haina nguvu ya kukiinua kichwa, na mtoto halii kwa sababu hewa ya kulilia haipo. Mama anaendelea kutembea akidhani mwanawe amelala.

Kwa hiyo kanuni ni chache na hazihitaji pesa. Mtoto akae wima kifuani pa mama, asilale kama ndani ya bakuli. Kitambaa kibane kiasi kwamba mama akiinama kidogo huku ameshika kichwa cha mtoto, mwili wa mtoto hautengani na wake. Uso uonekane muda wote, bila kufunikwa na pindo la kanga. Kichwa kiwe juu kiasi kwamba mama akiinamisha uso wake kidogo anaweza kumbusu utosini. Chini ya kidevu vidole viwili vya mama vipite. Akishamaliza kunyonya humo ndani, apandishwe tena juu, kwa sababu mkao wa kunyonya huwa chini na umelala, na usingizi humkuta papo hapo.

Nilimsomea mama yetu kanuni hizo kwenye simu, yuko Tanga. Akasema, "Mwanangu, hayo ya kidevu bibi yenu alinifundisha. Alikuwa akinipitishia mkono kila akipita uani." Sikuwahi kulisikia hilo kabla ya siku hiyo. Nadhani maarifa mengi ya mbeleko yamepotea njiani hivyo: yalikaa mikononi mwa bibi aliyekuwa akipita uani, na mdogo wangu anaishi Kibaha, nyumba ya vyumba viwili, hana bibi wa kumpitia.

Kitambaa hicho hicho kinachotutia hofu, kikifungwa vizuri, huokoa maisha. Mwaka 1978 Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alianza kuwafunga watoto njiti kifuani pa mama zao, ngozi kwa ngozi, kwa sababu hospitali haikuwa na mashine za kutosha za kuwapa joto. Njia hiyo tunaiita huduma ya kangaruu. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanywa katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, Muhimbili ikiwemo. Watoto 3,211 waliozaliwa na uzito kati ya kilo 1.0 na 1.799 waligawanywa makundi mawili. Wa kundi la kwanza walianza kufungwa kifuani pa mama mara tu baada ya kuzaliwa. Wa pili walisubiri hadi hali zao zitulie, kama ilivyokuwa desturi. Waliofungwa mapema walikaa kifuani kwa takriban saa 17 kwa siku. Ndani ya siku 28 walikufa asilimia 12.0 ya kundi hilo, na asilimia 15.7 ya kundi la pili. Tofauti ni pointi 3.7 za asilimia, yaani takriban mtoto mmoja kati ya kila 27. Kamati iliyosimamia usalama wa jaribio ilishauri lisitishwe kabla ya muda wake, kwa kuwa haikuwa sawa kuendelea kuwanyima watoto wa kundi la pili huduma hiyo.

Nchini mwetu kinachomshikilia mtoto huyo kifuani mara nyingi ni kanga au kitenge cha mama mwenyewe. Mtoto wima kati ya matiti, kichwa kimegeuzwa upande, ukingo wa juu wa kitambaa chini ya sikio lake, miguu imekunjwa kama ya chura. Mtoto njiti au mwenye uzito chini ya kilo 2.5 abebwe kwa maelekezo ya wauguzi. Hilo sitalijadili zaidi. Lakini mkao wenyewe ndio ule ule ninaotaka mdogo wangu ajifunze kwa mtoto wake wa kilo 3.

Basi kitambaa gani? Hapa ndipo hesabu ilipo tamu.

Kanga moja ina upana wa kama sentimita 150 kwa urefu wa 110. Ili imshike mtoto, ile 150 inapaswa kuzunguka kifua cha mama na mtoto kwa pamoja, kisha ibaki ya fundo. Chukua mama mwenye kifua cha sentimita 95. Mtoto anaongeza kama 20 kwenye mzunguko. Fundo la kuaminika linataka kama 15 kila upande, yaani 30. Jumla ni 145, na hapo kanga inatosha kwa kusalia na sentimita 5. Mama mwenye kifua cha 105 anafika 155, kanga imempelea, na atakachofanya ni kufunga fundo fupi au kuchomeka ncha. Nimeona ncha zilizochomekwa zikifunguka kituo cha daladala. Hivyo kwa mwanamke mwenye mwili, kanga si kipimo chake hata kama mama yake aliitumia. Anunue kitenge cha yadi mbili na nusu, sentimita 229, afunge kwa raha.

Tena kanga imezoeleka kwa kumbeleka mgongoni, na mgongoni si pa mtoto mchanga. Mama hamuoni uso, hawezi kupitisha vidole chini ya kidevu, na shingo ya mtoto haijakaza. Wazee wetu waliweka arobaini, siku 40 ambazo mama na mtoto hukaa ndani, na hata baada ya hapo wengi walisubiri shingo. Mimi ningesubiri hadi mtoto aweze kukishika kichwa chake mwenyewe bila kutikisika, jambo ambalo kwa wengi hutokea kwenye kama miezi mitatu au minne. Najua wapo wanaobeleka mapema na watoto wako salama. Bado nasema asubiri.

Kwa kifuani, kinachofaa ni kitambaa kirefu. Watengenezaji wa Ulaya wanaofuma vitambaa vya kubebea watoto hutumia namba: namba 6, ya mama wa umbo la kati, ina urefu wa takriban mita 4.6 na upana wa kama sentimita 70. Namba 7 ni kama mita 5.2. Kitambaa huanzia kifuani, hupita mgongoni, hukatiza mabegani, hushuka mbele juu ya mtoto, hukatiza tena chini ya kikalio chake na kurudi nyuma kufungwa. Ni mizunguko mitatu, na kila kipande kinashika sehemu yake.

Sasa nenda dukani ukaombe kitenge cha yadi sita. Yadi sita ni mita 5.49, zaidi ya namba 7. Upana wake wa kawaida ni inchi 46, kama sentimita 117. Ukikikata katikati kwa urefu, unapata vipande viwili vya mita 5.49 kwa sentimita 58. Mtoto mchanga, kutoka kikalioni hadi utosini, ni kama sentimita 34. Sentimita 58 zinatosha kumfunika kutoka goti hadi goti, kupanda hadi shingoni, na bado kuna ya kukunja. Tuseme kitenge hicho ni shilingi 30,000: kila kipande ni 15,000, na fundi akikunja pindo kwa 3,000, una mbeleko ndefu kwa 18,000. Kipande cha pili ni cha rafiki au wifi aliye na mimba.

Kitenge kina mapungufu yake, na lazima niyaseme. Kimefumwa kwa ufumaji wa kawaida, nyuzi wima na nyuzi ulalo, hivyo hakinyumbuki kwa mshazari kama vile vya Ulaya vilivyofumwa makusudi. Mama atahitaji kukaza kipande kwa kipande, ukingo wa juu kwanza, na hilo linataka mazoezi. Kikiwa kipya kina wanga unaokifanya kiteleze. Kifuliwe mara mbili au tatu kabla ya mtoto kuingia humo, rangi isije ikahamia kwenye nguo zake nyeupe. Kila mwezi kishikwe mbele ya dirisha. Mwanga ukipita kwenye nyuzi zilizochakaa au kwenye mshono ulioachia, kiwe cha kufutia meza. Chagua pamba. Vile vinavyong'aa na kuteleza, vya nailoni, havishiki fundo na havipitishi hewa, na mtoto wa Dar es Salaam mwezi wa Februari anapikwa humo. Kitambaa cha mbeleko kihesabiwe kuwa nguo moja mwilini mwa mtoto: ukishamfunga, punguza fulana moja. Njombe mwezi wa Julai ni hesabu nyingine, hapo shuka zito linafaa juu ya mabega ya mama, siyo juu ya uso wa mtoto.

Kuna vile virefu vya kitambaa cha fulana, kinachovutika. Mtoto mchanga anavipenda na mama hujifunza kuvifunga upesi. Lakini lebo yao huandika kilo 15, na mgongo wa mama utasema mapema zaidi, kitambaa kinapoanza kushuka kila baada ya nusu saa. Kwa wengi hilo hutokea karibu kilo 7 au 8, na kwa jedwali la WHO hiyo ni miezi sita. Mbeleko ya pete ni nzuri kwa kutoka haraka, ila mzigo wote unakaa bega moja, na pete ziwe zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Pete za pazia zenye sehemu iliyochomelewa zinaweza kuachia.

Kibebeo cha vifungo nacho nikitendee haki. Kikiwa bora, mkanda wa kiunoni unahamishia uzito kwenye nyonga za mama, baba anaweza kukivaa kwa kubadili urefu wa mikanda, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu bado anaingia. Shida yake ni mwanzoni. Vingi havimpokei mtoto wa kilo 3.3 kama alivyo. Vinataka mto wa ndani unaouzwa kando, au kiti kikunjwe kwa namna fulani, au mtoto afike kilo 5.5, ambazo mvulana wa katikati huzifikia akiwa na miezi kama miwili. Yaani pesa imetoka na siku 60 kati ya 120 ngumu zaidi kinaning'inia ukutani. Vile vya bei ndogo vyenye kiti chembamba kinachoshika katikati ya mapaja tu, huku miguu ikining'inia, ningeviacha.

Suala hilo la miguu lina ushahidi wa hapa hapa jirani. Nyonga ya mtoto mchanga ni tundu la gegedu ambalo bado linajijenga, na inajijenga vyema mapaja yakiwa yamefunguka na magoti yako juu kidogo ya kikalio. Hospitali moja ya mifupa Blantyre, Malawi, ilipitia kumbukumbu zake za kuanzia Novemba 2002 hadi Septemba 2012: watoto 40,683 walihudumiwa, zaidi ya 9,800 walifanyiwa upasuaji, na hakuna mtoto mchanga hata mmoja aliyepasuliwa kwa sababu ya nyonga iliyoshindwa kujijenga. Madaktari hao walihusisha jambo hilo na desturi ya kuwabeba watoto mgongoni, miguu imekumbatia kiuno cha mama. Utafiti wa kumbukumbu hauwezi kuthibitisha chanzo peke yake, lakini nilipousoma niliwakumbuka akina mama wa Tukuyu niliowaona wakishuka shambani, kila mmoja na visigino viwili vidogo vikichungulia pembeni mwa kiuno.

Turudi kwenye saa 360. Kitenge cha 18,000 kikigawanywa kwa saa hizo ni shilingi 50 kwa saa. Kanga moja ya 6,000 ni kama shilingi 17. Kibebeo cha 450,000 ni shilingi 1,250 kwa saa, na hapo nimechukulia kwamba mtoto aliingia tangu siku ya kwanza. Ukikitumia miezi 18 kwa saa tatu kila siku, saa zinafika takriban 1,620 na gharama inashuka hadi 278. Kikimlea na mdogo wake, inashuka tena kwa nusu. Kwa hiyo anayepanga watoto wawili, ana mume atakayembeba mtoto, na ana maumivu ya mgongo, huenda siku moja akakihitaji kweli. Mimi namwambia akinunue mtoto akishafika miezi minne au mitano, akiwa ameshajua mwili wake unataka nini. Hakuna sababu ya kukinunua katika wiki ya 34 ya mimba kwa sababu ya hofu.

Kuna upande wa biashara unaoniuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, muuguzi Mmarekani Ann Moore alifanya kazi Togo, akawaona akina mama wakiwa na watoto mgongoni, watulivu. Aliporudi kwao alishirikiana na mama yake kushona kibebeo, kikaitwa Snugli, na hataza ikatoka mwaka 1969. Sitamlaumu, alisema wazi alikojifunzia. Miongo ikapita, na mwaka 2010 kampuni moja ya vibebeo, Ergobaby, ilinunuliwa kwa dola milioni 91. Kwa kiwango kile kile cha shilingi 2,500 hizo ni shilingi bilioni 227.5. Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni mbili kwa mwaka. Fedha hiyo ingempa kila mmoja doti ya kanga kwa miaka kadhaa mfululizo. Wazo lilitoka kwenye migongo ya akina mama wa Afrika, likarudi kama bidhaa ya dola 180 yenye maelekezo ya kurasa nyingi, na sasa mwanamke wa Kibaha anadhani kanga yake haitoshi.

Na pwani yetu imeshawahi kuitia mbeleko kwenye hesabu. Katika mila za ndoa za Waswahili, kando ya mahari kuna ubeleko, zawadi anayopewa mama wa bibi harusi kwa ile nguo aliyombebea bintiye. Waliopanga mila hiyo walijua kwamba kubeba ni kazi, na kazi ina ujira.

Mambo machache kwa haraka. Mbeleko ya mfuko wenye umbo la bembea ukiikuta kwenye mitumba ya soko la Karume, iache hata kama ni shilingi 2,000. Aliyejifungua kwa upasuaji afunge kitambaa kwa juu zaidi, kisigusane na mshono, na asikilize maumivu. Hakuna kitambaa kinachomlinda mtoto kwenye bodaboda. Na jiko la mkaa na mtoto wa kifuani havikutani.

Jumamosi nilikwenda Kibaha. Tulinunua kitenge cha yadi sita, tukakipeleka kwa fundi akakikata kwa urefu, tukakifua. Tulichukua mfuko wa unga wa kilo mbili na sukari ya kilo moja, tukavifunga kwenye foronya ili tupate kilo tatu, uzito wa karibu na atakaozaliwa nao mtoto. Mume wake alisoma hatua kwa sauti, mimi nikashika foronya, mama akatutazama kwa simu ya video kutoka Tanga akituambia pale kitambaa kilipolegea. Mara ya kwanza kufunga kulichukua dakika 11. Mara ya sita dakika tatu na nusu, na mdogo wangu alipoinama, foronya haikusogea. Kisha mume wake naye akajifunga, dakika saba.

Unga hauna shingo, hivyo Jumapili ijayo narudi na mwanasesere wa binti yangu, yule mwenye kichwa kinacholegea, ili azoee kukitafuta kidevu kwa vidole viwili gizani, taa ikiwa imezimwa.